Simu za intaneti ofisini: Ukiwa na njia mbili, hakikisha hazikutani

Na Mwandishi Wetu, Kanazi

JUMAPILI ya Mei 12, 2024, watumiaji wa intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki walijikuta wakihangaika na mtandao uliokuwa ukienda kwa kusuasua, na wengine ukikatika kabisa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Aliyekuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, Nape Nnauye, aliutangazia umma kwamba hitilafu ilikuwa imetokea kwenye mikongo ya chini ya bahari, katika eneo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini.

Mikongo iliyoathirika ilikuwa miwili, SEACOM na EASSy. Ni mifumo miwili tofauti, yenye mitambo tofauti na wamiliki tofauti, lakini nyaya zake zote zilipata hitilafu siku moja katika bahari ileile.

Tukio hilo lina funzo kwa kila mfanyabiashara anayefikiria kufunga simu za intaneti ofisini kwake, awe katikati ya jiji la Dar es Salaam au huku Kanazi, katika Wilaya ya Bukoba mkoani Kagera. Kuwa na njia mbili za mawasiliano hakutoshi. La msingi ni kuhakikisha kwamba njia hizo mbili haziwezi kuuawa na adui mmoja.

Simu za intaneti ni nini?

Simu ya intaneti ni ile inayoigeuza sauti ya msemaji kuwa pakiti ndogo za data, kisha kuzisafirisha kwa njia ileile inayopitisha barua pepe na tovuti. Upande wa pili pakiti hizo huunganishwa tena na kuwa sauti. Kazi ya kuanzisha na kukata mazungumzo mara nyingi husimamiwa na utaratibu wa kimataifa ujulikanao kama SIP, ambao toleo lake linalotumika sana lilichapishwa mwaka 2002.

Ofisini, simu hizo huunganishwa na swichibodi ambayo siku hizi ni programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta. Programu maarufu ya aina hiyo, Asterisk, ilianzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, na kwa kuwa hutolewa bure, imewawezesha hata wenye mitaji midogo kuwa na swichibodi ambayo zamani ilikuwa anasa ya mabenki na mahoteli makubwa.

Faida zake zinaeleweka. Tawi la Bukoba mjini linaweza kuongea na tawi la Muleba bila kulipia kila dakika, namba moja inaweza kuita simu tano kwa wakati mmoja, na karani aliye safarini anaweza kupokea simu ya ofisi kwa simu yake ya mkononi.

Hata hivyo, kuna kitu kimoja kilichopotea katika mabadiliko hayo, nacho ndicho kiini cha makala haya.

Kilichopotea pamoja na simu ya waya

Simu ya zamani ya waya, ile iliyokuwa na namba za Kanda ya Ziwa zinazoanza na 028, haikuhitaji kuchomekwa kwenye umeme wa nyumba. Umeme wake ulikuja kwa waya uleule wa simu kutoka kwenye kituo cha mitambo, ambako kulikuwa na betri kubwa. Taa zilipozimika mji mzima, simu iliendelea kulia.

Simu ya intaneti haina bahati hiyo. Ili ilie, inahitaji umeme katika simu yenyewe, katika swichi inayogawa mtandao ofisini, katika ruta, katika kifaa kinachopokea waya wa faiba na katika kompyuta ya swichibodi. Kimoja tu kati ya hivyo kikizimika, ofisi nzima huwa bubu, na anayepiga hafahamu kama ofisi imefungwa au imehama.

Kwa duka la nguo huo unaweza kuwa usumbufu wa kawaida. Kwa zahanati inayoita gari la wagonjwa, kwa chama cha msingi cha ushirika kinachoulizia malipo ya kahawa ya wakulima, au kwa wakala anayesubiri kuthibitishiwa muamala, ukimya wa saa mbili unaweza kuwa na gharama kubwa kuliko bei ya mitambo yote.

Hesabu ya asilimia 99

Wauzaji wa huduma za mtandao hupenda kutangaza kwamba huduma yao inapatikana kwa asilimia 99. Masikioni, kiwango hicho ni kizuri. Kwenye kalenda, mambo ni tofauti.

Mwaka una saa 8,760. Huduma inayopatikana kwa asilimia 99 huruhusiwa kuzimika kwa saa 87 na dakika 36, yaani zaidi ya siku tatu na nusu kila mwaka. Asilimia 99.9 ni saa nane na dakika 46 hivi. Asilimia 99.99 ni dakika zisizofika 53. Wataalamu wa simu wa zamani walilenga asilimia 99.999, ambayo ni kama dakika tano tu kwa mwaka mzima.

Vitu vinavyotegemeana huzidisha udhaifu. Tuchukue mfano wa ofisi ambayo umeme wake, intaneti yake na swichibodi yake kila kimoja kinapatikana kwa asilimia 99. Kwa kuwa simu inahitaji vyote vitatu kwa pamoja, uhakika wake unashuka hadi asilimia 97 hivi. Hizo ni karibu siku 11 za ukimya kwa mwaka.

Upande wa pili wa hesabu unatia moyo. Ofisi ikiwa na njia mbili za intaneti, kila moja ya asilimia 99, na kuzimika kwa moja kukawa hakuhusiani kabisa na kuzimika kwa nyingine, uwezekano wa zote mbili kuzimika kwa pamoja ni mara moja katika 10,000. Njia mbili za kawaida zinatoa asilimia 99.99, kiwango ambacho njia moja ya gharama kubwa haiwezi kukifikia kwa urahisi. Lakini hesabu hiyo inasimama juu ya sharti moja, kwamba njia hizo hazihusiani.

Umeme ndio adui wa kwanza

Kwa Kagera, mjadala wa simu za intaneti hauna budi kuanza na umeme. Kwa miaka mingi mkoa huu, uliokuwa mbali na gridi ya Taifa, ulipata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka Uganda kupitia njia ya Masaka hadi Kyaka. Hitilafu iliyotokea ng'ambo ya mpaka iliweza kuzima taa Bukoba. Kuongezwa kwa vyanzo vingine, ukiwamo mradi wa maporomoko ya Rusumo wenye uwezo wa megawati 80 unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi, ni mfano wa kanuni ileile ya kutotegemea njia moja.

Huku vijijini kuna sababu nyingine zilizo karibu zaidi. Miti huangukia nyaya wakati wa mvua, na bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Radi haizimi umeme tu. Husafiri kwa waya na kuunguza ruta, swichi na simu kwa pigo moja.

Kinga yake si ya gharama ya kutisha. Kwanza, nyumba iwe na waya wa ardhi uliopimwa na fundi umeme mwenye sifa, pamoja na kifaa cha kuzuia umeme wa ghafla. Pili, waya unaotoka kwenye antena ya nje nao ukingwe, kwani wengi hukinga waya wa umeme na kuusahau huo. Tatu, panapowezekana, faiba ipewe nafasi badala ya waya wa shaba baina ya majengo, kwa sababu nuru haipitishi radi.

Kuhusu betri, hesabu ni nyepesi. Tuseme ofisi ina simu 10 zinazotumia wati nne kila moja, swichi ya wati 15, ruta ya wati 12, kifaa cha faiba cha wati nane na kompyuta ndogo ya swichibodi ya wati 20. Jumla ni wati 95. Betri moja ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ili idumu haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Ukiondoa na kinachopotea kwenye inveta, zinabaki wati-saa 500 hivi. Ofisi itaongea kwa takriban saa tano bila TANESCO wala jenereta.

Inafaa kununua swichi inayopeleka umeme na data kwenye waya mmoja hadi kwenye simu. Kwa njia hiyo, betri moja iliyo kwenye chumba cha mitambo huziweka hai simu zote za jengo, kama betri za kituo cha simu zilivyofanya enzi zile. Printa na birika la chai visichomekwe kwenye betri hiyo kwa hali yoyote.

Njia mbili za intaneti

Baada ya umeme, adui wa pili ni kukatika kwa intaneti yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti. Setilaiti hizo huelea umbali wa karibu kilomita 35,786 juu ya ikweta, na sauti huchukua kama robo sekunde kupanda na kushuka. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya sekunde 0.15 kwa upande mmoja, vinginevyo wasemaji huanza kukatizana. Mkongo wa SEACOM ulipozinduliwa Julai 2009, ukifuatiwa na EASSy mwaka 2010, kikwazo hicho kiliondoka kwa sehemu kubwa.

Serikali nayo ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, ambao unafika mipakani, ikiwamo Mutukula kwa upande wa Uganda na Rusumo kwa upande wa Rwanda. Kwa hiyo mkoa wa Kagera unapakana na milango ya kutokea nje ambayo si ya Dar es Salaam pekee.

Kwa ofisi ya kawaida, njia ya kwanza huwa faiba au redio kutoka kwa mtoa huduma, na ya pili huwa intaneti ya kampuni ya simu za mkononi. Ruta ya kisasa inaweza kushika zote mbili na kuhamia ya pili yenyewe pindi ya kwanza inapokufa.

Hapa ndipo mtego ulipo. Kampuni nyingi za simu hazimiliki tena minara zinayotumia. Mwaka 2013 Vodacom Tanzania ilifikia makubaliano ya kuiuzia minara yake kampuni ya Helios Towers, ambayo tayari ilikuwa imechukua minara ya Tigo, kampuni ambayo tangu Novemba 2024 inaitwa Yas. Maana yake ni kwamba laini mbili za kampuni mbili tofauti zinaweza kuning'inia kwenye mnara mmoja, zikila umeme wa jenereta moja. Jenereta hiyo ikiishiwa mafuta, laini zote mbili hunyamaza pamoja, kama mikongo miwili ilivyonyamaza pamoja mwaka 2024.

Kabla ya kusaini mkataba, mteja anapaswa kumwuliza mtoa huduma maswali matatu. Huduma hii inatoka mnara upi au inapita njia ipi? Mnara huo una betri ya saa ngapi? Kutoka Kagera kwenda Dar es Salaam, data inapita wapi? Muuzaji asiyeweza kujibu bado anaweza kuuza huduma nzuri, lakini asihesabiwe kuwa njia ya pili.

Swichibodi iwekwe wapi?

Swichibodi inaweza kukaa ndani ya ofisi, au katika kituo cha data cha mbali. Ya mbali inatunzwa na wengine, ina umeme wa uhakika na haiogopi mwizi wala moto wa ofisini. Ya ofisini ina sifa moja kubwa, kwamba intaneti ikikatika, chumba namba moja bado kinaweza kuongea na chumba namba kumi.

Matukio ya dunia yanaonyesha kwamba hata wakubwa huanguka. Oktoba 4, 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa takriban saa sita baada ya kosa lililofanyika wakati wa matengenezo ya mtandao wa ndani wa kampuni hiyo. Biashara zilizokuwa zikitegemea simu za WhatsApp pekee zilibaki bila njia. Julai 8, 2022, kampuni ya Rogers ya Kanada ilizimika karibu siku nzima kutokana na mabadiliko ya mitambo yaliyokwenda kombo, na baadhi ya wateja wake hawakuweza hata kupiga namba ya dharura.

Kwa mazingira ya Kanazi, mchanganyiko ndio salama zaidi. Swichibodi ndogo ikae ofisini kwa ajili ya simu za ndani, na namba inayojulikana na wateja itunzwe na mtoa huduma mwenye mitambo zaidi ya mmoja. Simu za mezani zipangiwe seva mbili, ya kwanza na ya akiba. Aidha, fundi apunguze muda ambao simu hujiandikisha upya kwenye seva. Ukiachwa kwenye saa nzima, simu inaweza kuendelea kuisubiri seva iliyokufa kwa muda wote huo.

Kinga rahisi kuliko zote haihitaji kifaa chochote. Mtoa huduma aombwe kuweka agizo kwamba mitambo ya ofisi isipopatikana, kila simu inayoingia ipelekwe kwenye namba ya mkononi ya meneja au ya mlinzi. Agizo hilo linakaa kwa mtoa huduma, hivyo linafanya kazi hata kama ofisi nzima imezimika.

Simu inayolia lakini haisikiki

Kuna ugonjwa mwingine ambao si kukatika, bali sauti kukwaruza na maneno kumezwa. Mara nyingi chanzo chake kimo ndani ya ofisi. Mazungumzo moja ya ubora wa kawaida yanahitaji karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Mazungumzo 10 kwa pamoja hayafiki megabiti moja. Faiba ya kawaida inatosha na kubaki, ila karani mmoja akianza kupakia video, pakiti za sauti hukwama kwenye foleni.

Tiba ni kuiagiza ruta iipe sauti kipaumbele, na kutenganisha mtandao wa simu na ule wa wageni. Kwa kipimo cha kawaida, pakiti zinazopotea zisizidi moja kati ya 100. Njia ya akiba ikiwa na uwezo mdogo, kuna namna za kubana sauti zinazohitaji kilobiti 31 tu, na inafaa ziandaliwe mapema.

Wezi na sheria

Uhakika wa simu hutishiwa pia na wahalifu. Swichibodi iliyoachwa wazi kwenye intaneti ikiwa na nywila kama 1234 hugunduliwa na programu za wezi, kisha hutumiwa usiku kucha kupiga simu za nje kwa gharama ya mwenye ofisi. Mwaka 2021 kampuni ya Kanada iitwayo VoIP.ms ilishambuliwa kwa siku kadhaa na wahalifu waliodai fedha, na wateja wake wakakosa simu. Nywila ndefu, kufungia nchi ambazo ofisi haizipigii, kuweka kikomo cha matumizi kwa siku na kuhuisha programu kwa wakati ni mambo ya lazima.

Kuhusu sheria, mawasiliano nchini yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Anayeuza huduma ya simu kwa umma anahitaji leseni, hivyo mteja ahakikishe mtoa huduma wake anayo. Anayefunga kifaa cha laini za simu kwenye swichibodi yake ahakikishe laini hizo zimesajiliwa kwa jina lake, na asikubali kamwe kuzipitishia simu za watu wa nje kwa malipo. Hilo ni kosa la jinai.

Jaribio la kila mwezi

Wakazi wa Kagera hawahitaji kuelezwa kwamba lisilotarajiwa hutokea. Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu wasiopungua 16 na kubomoa nyumba nyingi. Siku ya namna hiyo simu ndiyo huhitajiwa kuliko kitu kingine. Mitambo ifungwe imara ukutani au kwenye rafu, na nakala ya mipangilio ya swichibodi itunzwe nje ya jengo. Namba za dharura, yaani 112 ya Polisi na 114 ya Zimamoto, zijaribiwe kuhakikisha kwamba swichibodi inazipitisha, kwani ile iliyopangwa vibaya huzikataa.

Njia ya akiba isiyojaribiwa haina tofauti na kutokuwa nayo. Betri huchoka kimyakimya, vocha ya laini ya pili huisha bila mtu kujua, na fundi aliyekuwa na nywila huhama. Kwa hiyo mwenye ofisi apange siku moja kila mwezi, saa ambayo wateja ni wachache, na kuyafanya yafuatayo kwa makusudi: azime swichi kubwa ya umeme na kuhesabu betri inadumu kwa muda gani, achomoe waya wa faiba na kuona kama simu inayofuata inaingia, azime swichibodi na kuipigia namba ya ofisi kwa simu ya mkononi, aone inalia wapi. Majibu yaandikwe kwenye daftari, pamoja na tarehe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walinena wahenga. Katika simu za intaneti ufa hauonekani kwa macho. Huonekana siku ya jaribio, au siku ambayo mteja amepiga mara tatu bila kupokewa na kwenda kwa jirani.